Gramu 10 zinazoua injini: Kwa nini mizani ni lazima kabla ya kufunga injini upya

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

DEREVA anayetoka Morogoro mjini kuelekea Mgeta huanza safari yake kwa utulivu. Barabara ya Iringa ni ya lami, na hadi Sangasanga injini haina kazi kubwa ya kufanya. Akishaiacha barabara kuu, akapita Mzumbe na Mlali na kuanza kupanda, mambo hubadilika.

Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kina urefu wa zaidi ya meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, haina huruma na chombo kibovu. Gia ya tatu hushuka kuwa ya pili, ya pili ikawa ya kwanza. Injini hulia kwa mizunguko mingi huku gari lenyewe likienda mwendo wa kinyonga, na upepo wa kuipoza ni mdogo.

Hapo ndipo hutambulika injini iliyofungwa kwa makini na ile iliyofungwa ilimradi iwake. Ya kwanza hupanda ikiwa na sauti moja. Ya pili hutetemesha usukani, hulegeza nati, huchosha raba zinazoishikilia injini na, mwisho wa yote, hunoki. Kwa mwenye gari la kubebea kabichi na karoti za Mgeta, injini kunoki maana yake ni mzigo kuozea njiani na mtaji kupotea.

Hali ni hiyo hiyo kwa magari ya mbio, tena kwa ukali zaidi. Mashindano ya Mkwawa Rally, ambayo ni moja ya raundi za kuwania ubingwa wa Afrika, yamewahi kufanyika Morogoro katika miaka ya 2020. Gari la mashindano hutumia karibu muda wake wote katika mizunguko ambayo gari la kawaida huifikia mara chache sana. Kasoro ambayo gari la familia lingeivumilia kwa miaka, gari la mbio linaweza kuilipia katika hatua moja ya vumbi.

Makala haya yanaeleza kazi moja ya ufundi ambayo haionekani baada ya injini kufungwa, na ambayo kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa fedha zinapopungua. Kazi hiyo ni kusawazisha uzito wa vyuma vyote vinavyozunguka ndani ya injini, au kama wanavyosema mafundi, kuibalansi.

Vyuma vinavyohusika

Ndani ya injini kuna vyuma vya aina mbili za mwendo. Vipo vinavyopanda na kushuka, na vipo vinavyozunguka.

Vinavyopanda na kushuka ni pistoni, ringi zake na pini inayoiunganisha na konrodi. Vinavyozunguka ni krankishafti, flaiwili, kifuniko cha klachi na pulia ya mbele. Katikati ya makundi hayo mawili imesimama konrodi. Ncha yake ndogo hupanda na kushuka pamoja na pistoni, ilhali ncha yake kubwa huzunguka pamoja na krankishafti.

Krankishafti haikunyooka kama mpini wa jembe. Ina viwiko ambavyo konrodi hufungwa juu yake, na upande wa pili wa viwiko hivyo ina vipande vizito vya chuma vinavyoitwa vizani. Kazi ya vizani ni kukabiliana na uzito wa upande ule mwingine, mfano wa mtu anayebeba maji kwa mzega. Ndoo mbili zikijaa sawa, mbebaji hutembea wima. Moja ikipungua, bega huumia na mwendo huharibika hata kama tofauti ni kata moja tu ya maji.

Kiwandani, vyuma hivi husawazishwa kabla ya injini kufungwa. Tatizo huanza pale injini inapofunguliwa kwa ajili ya ovahoo na vyuma vipya au vya mtumba kuingizwa bila kupimwa.

Uzito mdogo, nguvu kubwa

Msomaji anaweza kuuliza, gramu chache zina madhara gani katika injini yenye uzito wa zaidi ya kilo 100? Jibu liko katika mwendo.

Aliyewahi kuamia ndege shambani kwa teo anajua. Jiwe likiwa mkononi ni jepesi. Likizungushwa, kamba huvuta, na kadiri mzunguko unavyoongezeka ndivyo linavyovuta kwa nguvu zaidi. Kanuni ya fizikia inasema nguvu hiyo haiongezeki sambamba na mwendo, bali hufuata mraba wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu huongezeka mara tisa.

Tuchukue mfano wa injini ya 4G63 ya Mitsubishi, iliyotumika katika magari ya Lancer Evolution hadi toleo la tisa. Pistoni yake husafiri milimita 88 kutoka chini hadi juu, hivyo kiwiko cha krankishafti kiko umbali wa milimita 44 kutoka katikati ya mzunguko.

Tuseme upande mmoja wa krankishafti umezidi kwa gramu 10 katika umbali huo. Hizo ni gramu za vijiko viwili vya chai vya sukari. Injini ikizunguka mara 3,500 kwa dakika, gramu hizo huvuta kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo sita. Ikifika mizunguko 7,000, zinavuta kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 24.

Mzigo huo hautulii mahali pamoja. Katika mizunguko 7,000 kwa dakika, unazunguka na kuvuta kila upande mara 117 katika kila sekunde. Injini hugeuka kuwa nyundo inayojipiga yenyewe.

Kinachoumia kwanza ni beringi. Kati ya krankishafti na beringi zake huachwa uwazi mdogo sana, kwa kawaida sehemu tatu hadi sita za mia moja ya milimita moja. Katika uwazi huo hukaa utando wa oili unaozuia chuma kugusana na chuma. Mtikisiko usiokoma huukandamiza utando huo upande mmoja, joto hupanda, oili hukimbia, na siku moja chuma hukutana na chuma. Hapo ndipo husikika mlio ambao kila dereva anauogopa.

Si kila mtikisiko ni mmoja

Wasomaji wengi wanaijua pangaboi yenye panga moja lililopinda. Ikiwa katika namba moja huzunguka bila shida. Ikiwekwa namba tano huanza kuyumba kana kwamba inataka kung'oka darini. Huo ni mfano wa kukosa uwiano ambao hata chombo kikiwa kimesimama unaweza kugundulika, kwa kuwa upande mzito daima hutafuta chini.

Upo mwingine uliojificha. Krankishafti inaweza kuwa na uzito uliozidi mbele upande wa juu, na uzito huo huo ukazidi nyuma upande wa chini. Ukiilaza juu ya vyuma viwili vilivyonyooka haitabingirika, kwa sababu mbele na nyuma zinadanganyana. Lakini ikizunguka, kila ncha huvuta upande wake, na krankishafti hujaribu kujipinda kama mtu anayesukumwa bega la kushoto na nyonga ya kulia kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo krankishafti hupimwa ikiwa inazunguka. Hulazwa juu ya mashine yenye rola mbili na kuzungushwa mizunguko mia kadhaa kwa dakika. Vihisio vya kila ncha hueleza ni gramu ngapi zimezidi na ziko katika pembe gani. Fundi huweka alama, husimamisha mashine, hutoboa kizani mahali palipoonyeshwa, kisha huzungusha tena. Kazi hurudiwa hadi mashine itosheke.

Tundu lenye kipenyo cha milimita 12 na kina cha milimita 10 huondoa karibu gramu tisa za chuma. Ni tundu dogo, lakini limetosha kuondoa karibu mzigo wote tulioutaja hapo juu.

Injini hazifanani

Namna ya kusawazisha hutegemea mpangilio wa silinda.

Injini ya silinda nne zilizo katika mstari, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika magari madogo nchini, hufanya kazi kwa jozi. Pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja wakati ya pili na ya tatu zinashuka. Jozi moja huifuta nyingine, mradi zote nne zina uzito sawa. Katika injini ya namna hii krankishafti inaweza kusawazishwa peke yake, na kazi iliyobaki ni kuhakikisha pistoni na konrodi zote zinalingana.

Hata zikilingana kabisa, hubaki mtikisiko mmoja ambao hauondolewi na mizani. Unatokana na umbile lenyewe la konrodi na hutokea mara mbili katika kila mzunguko. Mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, aliupatia dawa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuweka shafti mbili ndogo zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kwa kasi maradufu ya krankishafti na kwa mielekeo iliyo kinyume. Mitsubishi iliirejesha dawa hiyo katika miaka ya 1970, na Porsche ikalipia leseni ili kuitumia katika gari lake la 944.

Injini ya silinda sita katika mstari, kama 1HZ ya dizeli inayotumika katika Toyota Land Cruiser au 2JZ ya Toyota Supra, hujisawazisha yenyewe kwa umbile. Ndiyo maana huzunguka kwa ulaini ambao injini ya silinda nne haiufikii.

Injini ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala pande mbili na pistoni kukimbiana kama ngumi za mabondia, nayo ina uwiano mzuri. EJ20 ya Impreza ina mwendo wa pistoni wa milimita 75 tu, jambo linaloipa krankishafti fupi na nene. Hubaki na mtikisiko mdogo, kwa kuwa pistoni zinazotazamana hazikai katika mstari mmoja kamili.

Injini za V, kama ile ya silinda nane iliyokuwa katika Range Rover tangu mwaka 1970, ndizo zenye kazi zaidi. Krankishafti yake haiwezi kusawazishwa ikiwa tupu. Lazima ifungwe kwenye kila kiwiko uzito wa bandia unaowakilisha konrodi na pistoni. Kwa injini ya silinda nane yenye pembe ya nyuzi 90, kanuni iliyozoeleka ni kuhesabu uzito wote wa vinavyozunguka na nusu ya uzito wa vinavyopanda na kushuka. Anayebadilisha pistoni za injini hiyo bila kurudisha krankishafti mashineni ameivunja hesabu yote.

Hatua kwa hatua

Kusawazisha ni kazi ya mwisho kabla ya kufunga. Kila kazi ya kukereza ikamilike kwanza, kwa sababu kila unapoondoa chuma baada ya mizani, mizani hiyo imekufa.

Kwanza, vyuma vioshwe hadi visibaki na oili wala masizi. Masizi yaliyoganda chini ya pistoni yana uzito, nayo yataidanganya mizani.

Pili, krankishafti ikaguliwe nyufa na kupimwa kama imenyooka. Krankishafti iliyopinda haitibiwi kwa kutobolewa vizani.

Tatu, pistoni zipimwe kila moja pamoja na pini yake kwa mizani ya kielektroniki inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Itafutwe iliyo nyepesi kuliko zote, kisha nyingine zipunguzwe ziilingane. Kabla ya kukata chochote, fundi makini hubadilishana pini kwanza, akiiweka pini nzito katika pistoni nyepesi. Mara nyingi nusu ya kazi huishia hapo.

Chuma cha pistoni hupunguzwa upande wa chini, kwenye unene unaozunguka tundu la pini. Kamwe hakiguswi kichwani wala kwenye mifereji ya ringi, ambako moto na mgandamizo wa gesi hufanya kazi.

Nne, konrodi. Huu ndio mtihani wa fundi. Konrodi mbili zinaweza kuwa na uzito sawa zikiwekwa nzima juu ya mizani, lakini moja ikawa nzito chini na nyingine nzito juu. Kwa hiyo kila ncha hupimwa peke yake. Ncha moja huning'inizwa, nyingine hulala juu ya mizani, na konrodi yenyewe huwa imelala sawasawa kama rula. Kwanza ncha kubwa zilinganishwe, kisha ndogo.

Konrodi nyingi zina vinundu vya chuma vilivyoachwa kiwandani kwa ajili ya kupunguzwa, kimoja kwenye kifuniko cha chini na kingine juu. Chuma hutolewa hapo. Shingo ya konrodi na sehemu zinazobeba bolti haziguswi, kwani mkwaruzo mmoja hapo unaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Kwa injini ya mbio, tofauti inayokubalika na wajenzi wengi ni isiyozidi gramu moja, na walio makini zaidi hushuka hadi nusu gramu.

Tano, krankishafti ipelekwe kwenye mashine ya kuzungusha. Ikishatosheka peke yake, iongezwe pulia na kupimwa, kisha flaiwili, kisha kifuniko cha klachi. Kwa kufuata mpangilio huo fundi hujua ni chuma kipi kilicholeta kasoro.

Flaiwili isidharauliwe. Ukingo wake uko mbali na katikati, na umbali nao huongeza nguvu. Gramu tano tu zilizozidi umbali wa milimita 120 zinavuta kwa nguvu inayolingana na kilo 33 katika mizunguko 7,000. Hizo ni zaidi ya gramu 10 zilizo kwenye kiwiko. Kijana anayepeleka flaiwili ikakerezwe iwe nyepesi, kisha akaifunga bila kuipima, amejiuzia matatizo.

Sita, kila kitu kiwekewe alama. Namba ya silinda iandikwe kwenye pistoni na konrodi, na flaiwili na kifuniko cha klachi viwekewe alama ili siku vikifunguliwa virudi mahali pale pale.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kuazima kiungo. Injini imevunja konrodi moja, na badala ya kununua seti, hutafutwa moja kutoka injini nyingine iliyokufa. Umbo linafanana na namba za spea zinafanana, lakini uzito haukuulizwa. Mizani ya dakika 10 ingeokoa injini nzima.

La pili ni kubadilisha pistoni moja tu kwa ya oversaizi baada ya silinda moja kuharibika, huku tatu zikibaki za zamani. Pistoni mpya, tena kubwa, ina uzito wake.

La tatu ni kuondoa shafti za Lanchester. Katika injini ya 4G63 shafti hizo huendeshwa kwa mkanda wake mdogo. Mkanda huo ukikatika unaweza kunaswa na mkanda mkuu wa taimingi, na valvu zikagonga pistoni. Kwa hofu hiyo wajenzi wengi wa magari ya mbio huziondoa kabisa. Ni uamuzi wenye sababu, lakini una gharama yake. Mtikisiko ule wa mara mbili kwa mzunguko hurudi, na dereva ataupata kwenye usukani na kwenye kila bolti. Anayetumia gari lake kila siku, dawa nafuu kwake ni kubadilisha mkanda huo kwa wakati.

La nne ni kuitupa pulia ya mbele yenye raba na kufunga ya alumini iliyo nyepesi. Raba ile haikuwekwa kwa mapambo. Krankishafti, pamoja na ugumu wake, hujinyonga na kujinyongoa kidogo kila silinda inapowaka, na pulia yenye raba humeza mnyongo huo. Mnyongo si suala la mizani. Krankishafti iliyosawazishwa barabara bado inaweza kukatika kwa mnyongo.

Historia ya uvumilivu

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kuzijaribu injini. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalijijengea jina la mashindano ambayo kasi peke yake haitoshi.

Mkenya Joginder Singh aliyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Mara mbili za mwisho alikuwa na Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya silinda nne. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen wa Finland alishinda kwa Lancer Evolution, na mwaka uliofuata Colin McRae wa Scotland akashinda kwa Subaru Impreza. Vizazi vya magari hayo mawili ndivyo ambavyo vijana wengi wa Dar es Salaam na Morogoro wanavitamani hadi leo.

Ushindi wa Safari ulikuwa wa waliofika. Mashindano hayo, yaliyorejea katika kalenda ya dunia mwaka 2021, bado yanaheshimiwa kwa sababu hiyo hiyo. Katika safari ya namna hiyo injini yenye nguvu lakini isiyo na uwiano huwa inaongoza hadi pale inapoishia.

Jinsi ya kutambua

Si kila gari linalotetemeka lina tatizo la mizani ya injini. Mwenye gari anaweza kufanya uchunguzi rahisi kabla ya kuingia gharama.

Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru, apandishe mizunguko taratibu. Mtikisiko ukitokea na kuongezeka kadiri mizunguko inavyopanda, chanzo kiko kwenye injini au vilivyofungwa juu yake. Gari likitulia likiwa limesimama na kutetemeka tu likifika kasi fulani barabarani, kwanza aangalie magurudumu na propela shafti.

Akikanyaga klachi na mtikisiko ukabadilika, sahani ya klachi au gia boksi ihojiwe. Mtikisiko ukiwa mkubwa injini ikiwa katika sailensa na kupungua mizunguko ikipanda, mara nyingi ni silinda isiyowaka vizuri au raba za kushikilia injini zilizochoka. Hayo hayahitaji kufungua injini.

Kabla ya kulipa

Gari la kawaida linalofungwa upya kwa vyuma vyake vya awali linaweza lisihitaji mashine ya kuzungusha. Hata hivyo, kupima pistoni na konrodi kwa mizani ni jambo ambalo kila gereji inaweza kulifanya na kila mteja anapaswa kulidai. Aliyebadilisha pistoni, konrodi au flaiwili, au anayetaka injini izunguke kuliko ilivyokusudiwa kiwandani, asifunge bila kupita mashineni.

Mashine ya namna hiyo haipo katika kila gereji. Hutafutwa kwenye karakana za kukereza krankishafti, hivyo ni vyema mteja apange safari hiyo mapema badala ya kuikumbuka injini ikiwa imeshafungwa nusu.

Maswali ya kumuuliza fundi ni machache. Je, pistoni na konrodi zimepimwa, na uzito wa kila moja umeandikwa wapi? Je, kazi yote ya kukereza imekwisha kabla ya mizani? Je, flaiwili na klachi zilipimwa pamoja na krankishafti? Je, chuma kiliondolewa wapi? Fundi aliyeifanya kazi hiyo atakuwa na karatasi yenye namba, na hatakasirika kuulizwa.

Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na kadi ya gari. Siku silinda moja ikiharibika, itamwambia fundi mwingine uzito wa pistoni anayopaswa kuitafuta, naye hatalazimika kubahatisha. Kwa dereva anayeshuka Nyandira alfajiri akiwa na shehena ya mboga, au anayesubiri bendera ishushwe ili aingie kwenye vumbi la mashindano, huo ni uhakika ambao hauwezi kununuliwa baada ya injini kunoki.